Siku Mama Alipopeleka Sufuria kwa Jirani

Sisi tuliokulia Malvern, mtaa wa jiji la migodi huku kusini, tuliijua Barabara ya Jules kwa pua kabla ya kuijua kwa macho. Ukitoka kwetu, kwanza ilikupokea harufu ya matairi na oili kwenye yadi za magari yaliyotumika. Halafu ya magodoro mapya yaliyofungwa kwenye nailoni. Halafu ya samaki wakavu kwenye duka la Wakongo, samaki ambao Mama alisema walisafiri vibaya kuliko sisi. Kisha, karibu na robot, taa ya kuongozea magari iliyokuwa inazimika kila wiki, madereva wakabaki kuombana njia kwa mikono, ilikuja harufu ya nywele za bandia zinazochovywa ncha kwenye maji ya moto. Ukifika hapo umefika dukani kwetu.

Ninasema kwetu, lakini kilichokuwa chetu ni kona tu. Maduka mengi ya Jules yalikuwa hivyo, mlango mmoja na biashara tatu ndani. Aliyelipanga duka zima alikuwa mwanamke wa Tanga, msusi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara na vidole vilivyosuka vyenyewe huku macho yake yakifuata tamthilia. Saluni yake ilikaa katikati. Mbele, kwenye dirisha kubwa la kioo, alikaa fundi wa simu. Nyuma kabisa, baada ya pazia la maua, jirani na choo, alikaa mama yangu na cherehani yake.

Mama alikuwa fundi tangu Bukavu. Kule alishona magauni ya maarusi. Huku alibadilisha zipu. Wenyeji wa mtaa walileta suruali zilizopasuka, wakamkabidhi msusi mlangoni, wakarudi jioni kuzichukua mlangoni palepale, bila kujua kwamba nyuma ya pazia kuna mtu. Waliovuka pazia ni wa kwetu tu, akina mama wa kanisani, nao walikuja zaidi kuongea.

Mwaka 2016, baridi ilipoanza kulegea, fundi wa simu alihamia Marshalltown na dirisha likabaki tupu. Mama alilitaka lile dirisha. Hakusema, ila jioni tulipofunga alikuwa akisimama pale, anatazama barabara kutoka ndani, halafu anatoka nje na kutazama ndani, akipima kwa jicho gauni lingening'inia wapi ili mtu aliyesimama ng'ambo alione. Lakini pia alikuwapo muuza manukato, Mrundi mpole mwenye mashati yaliyonyooka, naye alilitaka.

"Shoga yangu, nisikilize," msusi alimwambia Mama, kitana kikiwa kimeng'ang'ania kwenye nywele za mteja. "Dirisha ni la kuita watu. Wateja wako Wakongo wenzio, na hao hata nikikuweka darini watapanda kukufuata. Mimi nataka wenyeji. Mwezi huu ukiisha nikiona wenyeji wanaingia hapa kwa ajili yako, dirisha lako. Nisipoona nampa huyu wa marashi, angalau duka litanukia."

"Sasa benyeji nitabatoa wapi?" Mama aliuliza.

"Si huko unakolala! Kwani huna majirani?"

Alikuwa nao. Tulipanga chumba cha uani, na ukuta mfupi ulitutenga na nyumba ya gogo, kama bibi anavyoitwa huku. Kila Jumamosi gogo alipiga magoti na kupaka kibaraza chake rangi nyekundu ya nta hadi kikang'aa. Mama alimsalimia "Sawubona" juu ya ukuta. Gogo akajibu "Yebo", akaendelea kupaka. Miaka miwili ilipita hivyo. Hapakuwa na ugomvi wowote. Ni kwamba hakuna aliyejua neno linalofuata baada ya yale mawili.

Mimi ndiye niliyekuwa na maneno. Kizulu nilikiokota kwenye uwanja wa shule, na ni mimi niliyeitwa na gogo ukutani Jumamosi moja. Nilikuwa nimevaa sketi ambayo Mama aliishona kutoka suruali kuukuu ya Baba. Gogo aliinama, akaishika sketi yangu pindoni, akaigeuza, akasoma mishono ya ndani kwa kidole.

"Nani kashona hii?"

Nikaelekeza kidevu kwenye mlango wetu.

Alizunguka kwa miguu hadi getini, akaingia uani kwetu kwa mara ya kwanza. Nyuma yake alikuja mjukuu wake, msichana wa darasa la mwisho la sekondari, mrefu, mwenye simu mkononi. Kwenye simu kulikuwa na picha ya gauni la kijani lenye mkia wa kuburuta. Gogo alieleza, mimi nikatafsiri. Jumamosi ya mwisho ya mwezi kutakuwa na gari la kukodi. Atakuja kijana kumchukua binti, na tai ya kijana lazima itoke kwenye kitambaa kilekile cha gauni. Majirani watajaa uani, patachomwa nyama, mtaa mzima utasimama kumtazama mtoto akitoka. Fundi wa mjini amewayumbisha. Je, mama yako ataweza?

"Ni dansi ya shule yetu," msichana aliongeza. "Ya kumaliza."

Nikatafsiri hilo nalo. Mama alikuwa ameshainuka kutafuta utepe wa kupimia.

Walipoondoka alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Furaha na huzuni vilikuwa vinagombania uso wake.

"Mutoto anaolewa," alisema. "Anaolewa mbele amalize mtihani. Bantu ba huku!"

"Mama, amesema ni dansi ya shule."

"Na harusi gani haina dansi?"

Baba alikuwa mlinzi wa usiku kwenye jengo la ofisi huko Marshalltown, na mchana alilala. Alitoa kichwa nje ya blanketi. "Ni kweli," alisema. "Huku banaoana mwezi wa nane. Mwaka jana nilibaona na macho yangu, magari kwa magari, mabinti na manguo marefu, banapiga picha kwenye ngazi za ofisi yetu. Kilichonishangaza ni mabwana harusi, bote batoto batoto." Akarudisha kichwa ndani.

Baada ya ushahidi huo, nani angenisikiliza mimi wa miaka kumi na moja? Na kusema kweli nilianza kuamini. Gari, gauni, kijana, nyama, tai ya kitambaa kimoja. Hata mimi nilikuwa sijaona kitu kingine chochote chenye sura ile.

Kitambaa tulikifuata Fordsburg, sisi watatu, gogo akiwa na kofia yake ya kanisani. Nimewahi kuandika kurasa nyingi za mapenzi ya watu wazima, lakini sijui kama nimewahi kuona watu wawili wakielewana haraka kama gogo na Mama mbele ya meza ya satini. Wote wawili walikikunja kitambaa ngumini na kukiachia kuona kama kinabaki na mikunjo. Wote walikisugua shavuni. Muuzaji, mzee wa Kihindi mwenye ndevu nyeupe, alipotaja bei, wote walicheka cheko lilelile la dharau, wakatoka nje pamoja bila kuulizana, wakasimama kwenye kivuli, wakisubiri kuitwa. Waliitwa.

"Hawa ni mtu na dada yake?" muuzaji aliniuliza akikata.

"Majirani," nilisema, na neno lile lilinipa joto mdomoni.

Gogo alitununulia sambusa. Alikula yake akimtazama Mama, kisha akasema kwa Kizulu, polepole, kana kwamba Mama angeelewa akipewa muda, "Mtoto huyu nimemlea peke yangu. Mama yake alikufa. Nataka siku hiyo atoke kwangu kama mtoto mwenye watu."

Nilipotafsiri, Mama aliacha kutafuna. Alishika mkono wa gogo uliokuwa na mafuta ya sambusa na hakuuachia mpaka tulipofika kwenye teksi. Nadhani ni pale alipoamua.

Maana kwetu fundi aliyeshona gauni la bibi harusi hafiki na mikono mitupu. Yeye ndiye anayebeba sufuria ya kwanza. Nyuma yake wanakuja wanawake wa upande wa binti, wamevaa kitenge cha aina moja, wamebeba vyombo vya kuanzia nyumba, wanaimba, na kila mmoja anamwachia bibi harusi neno la kumsaidia. Binti asiye na wanawake nyuma yake, huko anakokwenda watamwona hana kwao. Na huyu hakuwa nao.

Jumapili, baada ya ibada, Mama alisimama mbele ya akina mama wa kanisa, wote wa kutoka Kivu na Katanga. "Jirani yangu anaoza mujukuu," alisema. "Hana dada, hana shangazi wa mutoto. Basi shangazi ni sisi." Hakuna aliyeuliza kama tumealikwa kwa wingi huo. Wiki hiyo chumba chetu kilijaa kitenge cha manjano, na cherehani ililia tangu Mama atoke dukani hadi Baba arudi kutoka kazini alfajiri.

Gauni lenyewe lilitoka kama maji yaliyosimama wima. Binti alipolijaribu alijizungusha mbele ya kioo cha kabati letu, akajishika mdomo. Kisha akagusa ubavuni kwa ndani.

"Mbona umeacha kitambaa kingi hivi kwenye mishono?"

Mama alimpapasa tumbo, akatabasamu kwa siri. "Mwambie ni ya kupanulia. Mwakani ataishukuru."

Nikamwambia. "Ah," msichana alisema, "najua, ninakula sana."

Jumamosi ile upepo ulikuja na vumbi la manjano la vilima vya migodi, likapita, ukabaki mwanga mkali usio na joto. Gari lilifika, jeupe, lisilo na paa. Kijana akashuka na tai yake ya kijani, jasho likimtoka. Uani kwa gogo palijaa watu wa mtaa ambao nilikuwa ninawaona tu nyuma ya mageti. Msichana alitokea kwenye kibaraza, na niliwasikia wanawake wakivuta pumzi kwa pamoja. Mtu aliuliza, "Nani kashona?" Mwingine akauliza vilevile. Mimi nilikuwa juu ya ukuta, na nilitamani msusi wetu angekuwapo asikie.

Ndipo wimbo ukaanza kule barabarani.

Waliingia kwa mstari. Kitenge cha manjano, vilemba vya manjano, na juu ya vilemba masufuria, mabeseni, miiko, ungo, mkeka uliokunjwa, birika jipya. Mama alitangulia na sufuria kubwa kuliko zote, akiyumba kwa madaha kushoto na kulia, sauti yake juu ya zote. Watu waliwapisha. Walipofika kibarazani, Mama alipiga goti, akaiweka sufuria miguuni pa msichana, akaniita nishuke ukutani.

"Tafsiri vizuri," alisema. Alimgeukia yule kijana. "Wewe, bwana. Leo unamtoa kwetu. Usimfokee mbele ya watu. Mshahara usiufiche. Akipika vibaya, kula, halafu useme kesho yake."

Nilitafsiri. Nilikwishaanza kuona nyuso za watu, lakini Mama yangu alikuwa amepiga goti mbele ya mtaa mzima, na nisingeweza kumwacha pale peke yake bila maneno. Nilitafsiri hadi neno la mwisho.

Kijana alirudi nyuma hadi akagonga gari. "Gogo," alisema, "mimi nimekuja kumpeleka dansi tu. Nimeahidi kumrudisha mapema. Mimi nina mtihani wa hesabu!"

Msichana alitazama sufuria, akatazama akina mama wa manjano, halafu nikaona mkono wake ukishuka taratibu ubavuni mwake, palipoachwa kitambaa. "Jamani," alisema. "Mnadhani ninaolewa. Mmeacha na nafasi ya *mtoto*!"

Mtu mmoja alicheka karibu na moto wa nyama. Halafu mwingine, halafu uani pote. Hakikuwa kicheko kibaya. Leo ninalijua hilo. Lakini Mama hakungoja nimtafsirie. Aliinuka, akajipangusa magoti, akainama tena kuichukua sufuria yake, na shingo yake ilikuwa imekuwa ngumu. Nyuma yake wenzake walianza kushusha vyombo kichwani mmoja mmoja.

Gogo alikuwa amekaa chini kwa kucheka, juu ya nta yake nyekundu, machozi yakimtoka. Alipoona Mama anaondoka na sufuria, aliacha ghafla. Aliikamata upande wa pili.

"Hawu! Inaenda wapi?" alisema. "Mwambie mama yako hakuna anayetoka hapa na sufuria yangu. Nimeombea mtoto huyu apate watu. Watu wamekuja. Wamewahi kidogo, basi! Vitakaa chini ya kitanda changu mpaka huyo mwanamume apatikane." Akamtupia jicho kijana. "Si wewe. Wewe nenda kasome hesabu." Kisha, kwa akina mama wote: "Sasa imbeni. Gari lisiondoke kimya."

Waliimba. Mtaa ukapokea kwa vigelegele, mtu akachukua beseni akalifanya ngoma, na gari jeupe liliondoka taratibu katikati ya kitenge cha manjano, msichana amesimama, mkia wa kijani ukipepea, simu zote za mtaa zikiwa zimeinuliwa kuwarekodi. Gogo hakuiachia sufuria wala Mama, akavishikilia vyote viwili. Lakini mimi nilikuwa chini ya kwapa la Mama, na nilijua kwamba mdomo wake unafunguka bila sauti kutoka.

Jumapili hakwenda kanisani. Jumatatu hakwenda dukani. Niliporudi kutoka shule alikuwa bado na kanga ya kulalia, anapanga nyuzi ambazo zilikuwa zimepangwa.

"Nimekuwa kichekesho," alisema. "Wapi mtu ataleta nguo kwa fundi asiyejua harusi na dansi? Dirisha achukue yule wa manukato. Mi nitabaki na mazipu."

Baba, chini ya blanketi, alijaribu kumfariji. "Basi wale wa ngazini nao hawakuoana? Na mimi niliwapigia makofi!"

Hakucheka. Ndipo geti likagongwa na sauti ya Tanga ikajaa uani.

"Wee mwanamke! Umelala? Uko humo ndani umelala, na mimi nateseka?"

Msusi aliingia bila kukaribishwa, aproni yake bado kiunoni. "Wamekaa kwenye viti vyangu," alisema. "Vyote. Wasichana wa sare za shule, na mama zao. Hawasuki! Nimewauliza mnataka nini, wananionyesha video. Hiyo video imefika mpaka kwangu, na simu yangu haina bando tangu juzi. Nitasukia wapi watu, juu ya paa? Vaa!"

"Bananicheka," Mama alisema.

"Wanacheka, ndiyo, mimi mwenyewe nimecheka mpaka nikamkata mtu sikio. Halafu wanauliza gauni. Shoga yangu, watu huwacheka wengi mjini humu, ila hawamngoji mtu nusu siku kwenye kiti cha plastiki ili wamcheke. Vaa nguo twende."

Tulikwenda watatu kwa haraka, Mama katikati kama mtu aliyekamatwa. Dukani walikuwa kama msusi alivyosema. Waligeuka wote Mama alipoingia. Msichana mmoja mwenye vyuma kwenye meno alisimama, akanyoosha simu iliyokuwa na picha ya gauni la zambarau.

"Yetu ni mwezi ujao," aliniambia nimwambie. "Na tunauliza. Wale akina mama wa njano. Wanakuja pamoja na gauni, au tunawalipia kando?"

Nilimtafsiria Mama. Alinitazama muda mrefu kuhakikisha sijaongeza langu. Kisha kitu kilimlegea kuanzia mabegani, akaketi kwenye kiti cha kuoshea nywele, akacheka, kwa sauti, akijipiga mapaja, hadi msusi akamletea maji.

"Waambie sufuria basi," alisema alipopata pumzi. "Sufuria tulishamaliza. Lakini kuimba tutakuja."

Cherehani tuliisukuma dirishani jioni ileile. Muuza manukato, kwa ungwana wake, alishika upande mzito. Yeye alipewa nafasi ya nyuma ya pazia, na baada ya wiki mbili watu wa Jules walikuwa wakiomba ruhusa ya kutumia choo chetu kwa sababu ya harufu yake tu.

Mwezi wa tisa ule niliingia kwenye nyumba za Malvern ambazo nilikuwa nimezipita kila siku. Nilijua nani ana mbwa mwoga, nani ana kinanda kisicholia, nani anafuga njiwa juu ya gereji. Kila Jumamosi kitenge cha manjano kilikata mitaa, na kila Jumamosi nilitembea mbele kidogo, tayari kueleza sisi ni nani. Mara chache za kwanza Mama alinisubiri. Halafu, kwenye nyumba moja ya kona, mlango wa kijivu, nilikuwa bado natafuta kengele alipopita kando yangu, akashika geti, akaligonga mwenyewe.